Safari ya Ngarambe, Mahali Walipohiji Babu Zetu

Msafiri atokaye Dar es Salaam akishika njia ya kusini, akiisha kuipita Kibiti, hufika Ikwiriri, mji ulio karibu na kingo za mto Rufiji. Hapo magari husimama, na wauzaji huyazunguka na samaki wa kukaanga, matunda, na mikeka ya ukindu, ambayo wanawake wa Rufiji wana sifa ya kuisuka. Wasafiri wengi hununua kitu kidogo, hunywa chai, kisha huendelea na safari yao ya Lindi na Mtwara, wala hawageuki kutazama upande wa machweo. Walakini upande ule ndiko iliko njia tunayotaka kuwasimulia wasomaji wetu mwezi huu, maana ni njia iliyokanyagwa na maelfu ya watu katika miaka ya 1904 na 1905, nao hawakwenda sokoni wala arusini, bali walikwenda kuhiji.

Sababu ya safari yetu ilikuwa swali la watoto wa shule. Mwalimu mmoja katika sisi alikuwa akifundisha habari za vita vya Maji Maji, na mtoto akasimama akauliza: Je, babu zetu walikuwa wajinga hata wakaamini kwamba maji yaweza kuzuia risasi? Darasa zima likacheka. Mwalimu hakupendezwa na kicheko kile, wala hakupendezwa na jibu lililokuwa kitabuni. Basi tukashauriana, tukasema, heri twende tukapaone mahali penyewe.

Tuliondoka Ikwiriri alfajiri, watu wanne, juu ya pikipiki mbili. Muda si muda tukafika Ndundu, penye daraja. Zamani hapa palikuwa na kivuko, na mto ulipofurika watu walikaa ng'ambo siku nyingi wakiila akiba yao. Daraja lilifunguliwa mwaka 2003, likaitwa kwa jina la Rais Benjamin Mkapa, na urefu wake wakaribia kilometa moja. Ukisimama katikati yake ndipo utakapofahamu ukubwa wa Rufiji. Maji yale yametoka mbali: Kilombero na Luwegu hukutana na kuuzaa mto huu, na Ruaha Mkuu huja kuujaza. Mwenyeji wa bonde hili hujua tangu utoto kwamba uhai wake na msiba wake vyote viwili hutoka majini. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliingia Mohoro na vijiji vingi vya bondeni, watu wakahama nyumba zao, na mashamba yakapotea.

Tumetaja hija, na huenda msomaji akadhani neno hili si mahali pake. Lakini tukitazama duniani tutaona kwamba watu wa dini nyingi wamekuwa na desturi ya kuacha nyumba zao na kwenda mahali pa mbali, pagumu kufikika, kutafuta msaada wa mbinguni. Wahindu wa Bara Hindi, kwa mfano, hupanda milima ya Himalaya kwenda hekalu la Kedarnath, lililo juu zaidi ya meta 3,500. Toka Gaurikund, njia ya miguu ni kilometa 16 hivi, yote ya kupanda. Wazee na wagonjwa huchukuliwa juu ya farasi au mabegani mwa wapagazi. Theluji ikianza hekalu hufungwa, na sanamu huteremshwa mpaka Ukhimath, isirudi hata majira ya joto. Mwaka 2013, mwezi wa Juni, gharika ilishuka kutoka mlimani ikaua maelfu ya watu, na hekalu likabaki limesimama katikati ya mawe. Mwaka uliofuata watu walianza kupanda tena. Nako kuna pango la Amarnath, ambamo barafu hujijenga kama nguzo, na Wahindu huiheshimu nguzo ile. Mahujaji wengine huchukua maji ya mto Ganges katika vyombo, wakaenda nayo nyumbani. Sisi hatuabudu kama wao. Lakini ajuaye habari hizi hatawashangaa babu zetu kana kwamba wao peke yao ndio waliofanya hivyo.

Maana katika nchi yetu nayo palikuwa na mlima wa namna hiyo. Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake kirefu, Kimhandu, chapita meta 2,600, huzuia mawingu yatokayo baharini, na upande wake wa mashariki hunyesha mvua nyingi kuliko nchi yote ya chini. Huko hutoka vijito vya mto Ruvu, ambao hata leo hunywesha Dar es Salaam. Katika upande huo kuna pango lililoitwa la Kolelo, na jina hilo lingaliko katika kata ya Kolero. Wazaramo walisema kwamba Kolelo ni nyoka mkubwa, tena ndiye mwenye mvua. Nchi ikikauka, wajumbe walitumwa kutoka Uzaramo na zawadi, wakatembea siku nyingi mpaka mlimani, wakanena haja yao mbele ya pango, na mlinzi wa mahali pale akawafasiria jibu. Mmisionari wa Kilutheri, Martin Klamroth, aliyekaa Uzaramo, aliandika habari hizi kabla ya vita vya mwaka 1914, na tunamshukuru kwa kuandika, ijapokuwa hakuzipenda. Kwa maoni yetu watu wale hawakuchagua mlima kwa kubahatisha. Waliyaona mawingu kwa macho yao yakijikusanya kule, na mito ikishuka kutoka kule.

Katika bonde la Rufiji alitajwa mwingine, jina lake Bokero, ambaye mahali pake palikuwa Kibesa, mtoni. Watu walikwenda kwake kwa haja zile zile: mvua, mazao, na afya ya watoto.

Sasa turudi njiani. Tukiisha kuliacha daraja tulishika upande wa kusini-magharibi, na lami ikatuaga. Mashamba ya mpunga yakabaki nyuma, ikaja mikorosho, kisha misitu ya miombo. Mchanga ulikuwa mwingi, mara kwa mara tulishuka tukazisukuma pikipiki. Vumbi letu mtu angaliweza kuliona kwa mbali. Ngarambe ni kijiji kilicho kando ya nchi ya wanyama, iliyokuwa sehemu ya Selous, na ambayo tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wenyeji wa Ngarambe na Tapika wametenga ardhi yao kwa ulinzi wa wanyama, na tembo hupita karibu na mashamba bila kubisha hodi.

Huko ndiko alikokaa Kinjikitile Ngwale. Hakuwa mfalme, hakuwa tajiri. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka katika nchi hizi wakiandika maneno ya wazee, na wazee walisimulia kwamba mnamo mwaka 1904 Kinjikitile alipagawa na pepo aitwaye Hongo. Alikwenda akijiburura kwa tumbo, mikono mbele, mpaka kwenye kidimbwi cha mto, akatoweka ndani ya maji. Jamaa zake walijaribu kumshika wasiweze. Waliojua kuogelea walizama kumtafuta wasimwone. Kesho yake akatoka, nguo zake zimekauka, akaanza kutabiri. Hivyo ndivyo wazee walivyosimulia, nasi twaiandika kama tulivyoipokea.

Akajenga nyumba kubwa, ikaitwa Kijumba-Nungu, yaani nyumba ya Mungu. Akagawa dawa: maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Mwanzoni mwa mwaka 1905 habari zikaenea kwa kunong'onezana, na mnong'ono huo Wamatumbi waliuita Njwiywila. Ndipo watu wakaanza kuja. Walikuja Wamatumbi, Wakichi, Wangindo, Wandengereko na wengine, ukoo kwa ukoo, pamoja na wakubwa wao, wakichukua sadaka zao. Wasioweza kufika walipelekewa maji na wajumbe, nao wajumbe wakaitwa hongo kwa jina la pepo yule. Hapo Ngarambe walifundishwa pia likinda, ndiyo mazoezi ya vita. Walipewa na miiko: wasiteke mali, wasiwakaribie wanawake wakati wa vita.

Tulipokuwa tumeketi chini ya mwembe tukipumzika, tuliyafikiri sana mambo haya. Kabla ya siku zile watu hawa hawakuwa na mkuu mmoja. Mmatumbi alimsikiliza mkubwa wa ukoo wake tu, na Mngindo vivyo hivyo. Hapakuwa na boma wala mkutano uliowaweka pamoja. Kitu kilichowaleta mahali pamoja ni hija. Mtu aliyetembea siku tatu au nne, akalala nje pamoja na wageni, akanywa nao chombo kimoja, hakurudi kwao kama alivyoondoka. Yakini maji hayakuzuia risasi. Lakini yalikuwa yameisha kufanya kazi nyingine, ambayo serikali ya Wadachi haikuitambua mpaka ilipokuwa imechelewa.

Na kisa cha kukasirika kwao kilikuwa wazi. Tangu mwaka 1902 serikali ilianza kulimisha pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya maakida na majumbe. Watu waliacha mashamba yao wenyewe wakati wa kulima, wakaenda kulima ya serikali. Katika Uzaramo, ujira wa mwaka wa kwanza ulikuwa senti 35, na wengine walikataa hata kuzipokea. Zaidi ya hayo kulikuwa na kodi, na kiboko.

Kinjikitile aliwaambia watu wangoje mpaka atakapotoa neno. Wamatumbi hawakuweza kungoja. Mwishoni mwa Julai 1905, kule Nandete, waling'oa mashina ya pamba, na kung'oa pamba ilikuwa kutangaza vita. Siku chache baadaye, tarehe 4 Agosti, Kinjikitile alinyongwa Mohoro, palipokuwa na boma la Wadachi, pamoja na mwenziwe. Vita haikufa pamoja naye. Ilikwenda Liwale, Mahenge, Masasi, Songea.

Hapa twaingia katika neno zito kwa nyumba za Kikristo. Tarehe 14 Agosti 1905, karibu na Mikukuyumbu katika nchi ya Liwale, Askofu Cassian Spiss wa Wabenedikto aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili, walipokuwa safarini kwenda Peramiho. Wamisionari na wanafunzi wao walikimbia mahali pengi. Wako wasomaji wetu ambao mababu zao walificha vitabu vya misa, na wako wengine ambao mababu zao walikunywa maji, na mara nyingine hao wote wawili ni wa ukoo mmoja. Mwenzetu katika safari hii ni mmoja wao: babu wa mamaye alikuwa mtumishi wa misheni, na babu wa babaye alikwenda Ngarambe. Aliposimama pale kijijini alinyamaza kwa muda mrefu, nasi hatukumsemesha.

Jeshi la Gavana von Götzen lilipoona kwamba watu wanapigana msituni, lilichoma vijiji na kuharibu vyakula, kwa kuwa maofisa walisema njaa ndiyo itakayowashinda. Ikawa hivyo. Serikali yenyewe ilihesabu waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gwassa, aliyewasikiliza wazee, alisema ni kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakushika bunduki wala mkuki. Walikuwa watoto na wanawake wasio na mbegu za kupanda. Vita ilikoma mwaka 1907, na mahali palipokuwa na vijiji wanyama wakaingia.

Basi mtoto wa darasani atajibiwa nini? Mwalimu wetu ameamua kutompa jibu moja. Atawaeleza kwanza habari za pamba na zile senti 35, kisha njia ya Ngarambe na urefu wake, kisha atawauliza wao: Je, ungalikuwa wewe, ungalikwenda? Wakubwa watasoma pia mchezo wa Ebrahim Hussein, Kinjeketile, uliotolewa mwaka 1969, ambamo mtunzi amemwonyesha mtu yule akihangaika na neno lake mwenyewe. Sisi tumeona kuwa mchezo ule wafaa kusomwa nyumbani pia, baba akisoma sehemu moja na watoto nyingine.

Wakitaka wengine kufika Ngarambe, na waende wakati wa kiangazi, maana masika hufunga njia. Wapitie kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na kumweleza haja yao. Wachukue maji ya kunywa ya kutosha, na mafuta ya pikipiki ya kwenda na kurudi. Wala wasiende msituni peke yao hata wakiambiwa kuwa ni karibu. Tembo hawana saa. Kurudi, ukiisha kufika njia kuu, haikupunguzii kitu kupinda kidogo upande wa bahari uione Mohoro. Sisi tuliingia huko saa kumi jioni. Watu walikuwa wakijenga upya kuta za nyumba zilizoangushwa na mafuriko, na watoto walikuwa wakichota maji.