HOTEL CALIFORNIA: UTAITAFUTA MPAKA UCHOKE

Wapenzi wa kusafiri, leo tunatua Marekani. Wimbo wa Hotel California wa kundi la The Eagles mmeusikia, na kiitikio mnakiimba hata kama Kiingereza chenyewe cha kubabaisha. Swali ni moja: hivi hiyo hoteli iko wapi?

Tuifuate albamu yenye jina hilo, iliyotoka Desemba 1976. Kwenye jalada kuna jengo lenye minara, miti mirefu na jua linalozama. Hiyo ni Beverly Hills Hotel, pale Sunset Boulevard, Los Angeles, iliyofunguliwa mwaka 1912. Kuta zake ni za rangi ya waridi. Mpiga picha David Alexander ilibidi apandishwe kwa winchi, kama mita 18 juu, ndipo akaipata sura ile. Wewe ukisimama chini na kamera yako, imekula kwako!

Ukilifungua jalada unakuta ukumbi wa mapokezi umejaa watu. Eti ndiyo ndani ya hoteli ileile? Wapi! Picha hiyo ilipigwa Lido, hoteli nyingine kabisa ya kule Hollywood.

Haya, tufuate muziki. Sehemu ilirekodiwa Los Angeles, sehemu Miami, upande wa pili wa nchi, karibu kilomita 4,000. Huko Miami, chumba cha jirani walikuwamo Black Sabbath wa Uingereza, na makelele yao yakawa yanapenya ukutani mpaka Eagles wanasimamisha kazi.

Wengine huvuka mpaka hadi Todos Santos, mji mdogo wa Mexico, kwa kuwa kuna hoteli yenye jina hilohilo, iliyofunguliwa na mhamiaji wa Kichina mwaka 1950. Wageni wakawa wanamiminika wakidhani ndiko wimbo ulikozaliwa. Mwaka 2017 Eagles wakaenda mahakamani kulalamikia jina. Kesi ikaisha kwa mapatano Januari 2018.

Sasa sikieni. Hoteli ya kwenye wimbo haina anwani. Ni Los Angeles yenyewe, mji unaokuita kwa taa na majina makubwa, halafu unakunasa. Na waliouimba walikuwa watu wa kuja! Don Henley alizaliwa Texas, Glenn Frey Detroit, Don Felder Florida, Randy Meisner Nebraska, Joe Walsh Kansas. Hakuna hata mmoja mzaliwa wa California. Walifuata maisha, wakayapata, wakaona na upande wake wa pili.

Ndiyo maana albamu inafungwa na The Last Resort, wimbo wa zaidi ya dakika saba. Humo wanasema watu wakishapaita mahali peponi, wanapavamia, wanapajenga, mwisho pepo yenyewe haipo. Si maneno ya Marekani tu hayo. Muulizeni yeyote anayezijua fukwe zetu zilivyokuwa kabla ya mahoteli.

Mkibahatika kufika Sunset Boulevard, pigeni picha kwa nje, haina gharama. Ila chumba ulizeni bei kwanza, maana pale ni mambo ya mastaa. Na kabla ya kupanda ndege, isikilizeni albamu yote, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Msiishie kwenye kiitikio.