Mji Kwanza, Ngome Baadaye

Kazi yangu ni kutembeza wageni katika kisiwa cha Mombasa. Matembezi yanayoombwa zaidi ni yale ya nusu siku: tunaanza saa mbili asubuhi na kumaliza kabla ya adhuhuri. Wageni hutoka kwenye hoteli za Nyali, Bamburi na Diani, wengine hushuka melini Kilindini, na siku hizi wengi ni Wakenya wenzangu waliokuja na treni kutoka Nairobi. Hawa wamesoma habari za Fort Jesus tangu shule ya msingi, wakajibu maswali yake kwenye mtihani, na hawajawahi kuzigusa kuta zake.

Ratiba iliyozoeleka ni hii. Gari linasimama Moi Avenue, mgeni anapigwa picha chini ya zile pembe kubwa za mfano wa pembe za ndovu. Kisha Fort Jesus, saa nzima au zaidi. Kisha Mji wa Kale, dakika chache tu, tena mara nyingi mgeni anautazama kupitia dirisha la gari. Kisha duka la vinyago, ambako muda hauhesabiwi. Mwisho ni Markiti kununua viungo, halafu hotelini kwa chakula cha mchana. Ndivyo kampuni niliyoanzia kazi ilivyonifundisha, na ndivyo wengi wanavyofanya hadi leo. Mimi ratiba hiyo nimeipindua. Nasema bila kumung'unya maneno kwamba inampunja mgeni, na inaupunja mji wetu zaidi.

Tatizo ni mpangilio wake. Ukimwingiza mtu ngomeni kwanza, habari yote ya Mombasa inaanza na Mreno. Mgeni anasikia 1593, anamsikia Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyechora ramani ya ngome, na kichwani mwake mji unazaliwa siku hiyo. Hata umwambie nini baadaye, watu wa Mvita, yaani Mombasa, anawaona kama watu waliokuja kujenga kando ya ngome. Ukweli ni kinyume. Ngome ilikuja kuukalia mji uliokuwa na karne kadhaa, wenye misikiti, wenye wafanyabiashara, wenye watawala wake. Hilo halifahamiki kwa kulisikia tu. Linafahamika kwa miguu, kwa kupita mjini kwanza na kufika ngomeni mwisho.

Kwa hiyo pembe tunazipitia kwa haraka. Zimetengenezwa kwa aluminiamu, zilisimamishwa miaka ya 1950 kuwapokea wageni wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, na hakuna zaidi la kusema. Piga picha, twende.

Gari linatushusha Digo Road, karibu na Markiti, na hapo dereva namwaga mpaka tukutane tena ngomeni. Asubuhi sokoni ni wakati mzuri: wachuuzi ndio kwanza wanapanga bidhaa, hawajachoka, na jua halijawa kali. Simwambii mgeni anunue kitu. Namwambia anuse. Mpe mtu iliki iliyopasuliwa sasa hivi, halafu mpe ile iliyokaa kwenye gunia wazi kwa miezi, ataelewa bila hotuba kwa nini mama wa Kiswahili huchagua viungo kwa pua kabla ya kufungua kibeti. Tena namtahadharisha kuhusu zafarani. Zafarani ya kweli ni ghali mahali popote duniani, kwa hiyo akiuziwa mfuko mzima kwa bei ya soda, ajue ananunua maua mengine yaliyokaushwa. Wachuuzi wanaonijua hawanichukii kwa kusema hivyo. Wanajua mgeni asiyedanganywa hurudi.

Kutoka hapo tunaingia barabara ya Langoni. Hekalu la Wajaini liko njiani, jeupe lote, na mgeni anayedhani Mombasa ni ya Mwarabu na Mreno pekee anasimama na kushangaa. Namweleza juu ya mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi, ambao walikuwa wakifika pwani hii kwa jahazi muda mrefu kabla ya reli ya Uganda kuanza kujengwa hapa mwaka 1896. Roshani za mbao anazoziona juu ya kichwa chake, zilizonakshiwa mpaka kwenye vigingi vinavyozibeba, zina mkono wao.

Mji wa Kale ndio moyo wa asubuhi yetu, na ndiko ninakotumia muda mwingi. Kabla hatujauingia nawapa wageni wangu kanuni moja: humu ni majumbani mwa watu. Baraza unayoiona nje ya nyumba si benchi la mji. Ni sebule ya mwenyewe iliyotoka nje. Ukipita mbele ya wazee walioketi, unawaamkia. Wageni wa Kizungu nawafundisha "Shikamoo" na "Subalkheri", na ni nadra mzee asiitikie kwa bashasha. Lakini wanaonisikitisha mara nyingine ni vijana wetu wenyewe kutoka bara, wenye Kiswahili chote kinywani, wanaopita mbele ya bibi wa watu na simu zimeinuliwa, kimya, kama wanapita mbele ya ukuta. Bibi mmoja alininong'oneza siku moja, "Mwanangu, hawa hawana kwao?" Sikumjibu. Niliwageukia wageni wangu nikawaomba warudi nyuma, wamsalimu. Walirudi, wakamsalimu, na yeye ndiye aliyewaambia wampige picha, akajitengeneza buibui vizuri kwanza.

Kuhusu picha nina msimamo mkali. Mlango piga, roshani piga, paka wa mitaani piga upendavyo. Mtu, muombe. Mwanamke, muombe na ukubali akikataa. Mtoto, muulize mzazi wake. Sijawahi kumpoteza mgeni wa maana kwa sharti hilo.

Kwenye milango nako nasimama. Huwa nachagua mmoja tu, na tunautazama kwa karibu mpaka kila mtu ameuona. Mlango wa Kiswahili una mbao mbili zinazofunguka kwa ndani, na katikati, kwenye ubao wa kushoto, kuna mfaa, ule mti mnene unaoziba ufa pale mbao zinapokutana. Nakshi ya mfaa ndiyo inayotangaza uwezo wa mwenye nyumba. Kandokando ya fremu utaona mnyororo umechongwa kutoka juu hadi chini, na kwenye kizingiti cha juu maua, au aya, au mwaka wa Hijra. Namwambia mgeni apitishe kidole kwenye mnyororo ule polepole. Pete moja huwa pana kidogo kuliko jirani yake, nyingine patasi imeteleza. Alichonga mtu, kwa mkono, akiwa ameketi chini. Baada ya hapo mgeni huanza kutazama milango mwenyewe, na mimi nanyamaza.

Tunashuka mpaka Bandari ya Kale. Majahazi ni machache siku hizi, lakini mahali penyewe panatosha kuzieleza pepo mbili. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi kuanzia mwisho wa mwaka. Kusi ilivirudisha. Kati ya pepo hizo wageni walikaa miezi, wakaoa, wakafanya biashara, wakajifunza lugha. Nawapokea pia wageni kutoka Maskati ambao bibi zao walizaliwa mitaa hii, na wao hapo bandarini hawahitaji maelezo yangu. Huuliza mitaa kwa majina: Kibokoni iko wapi, Kuze iko wapi.

Na hapo hapo, bahari ikiwa mbele yetu, ndipo ninapomtaja Mreno kwa mara ya kwanza. Vasco da Gama alifika Aprili 1498, hakupokewa vizuri, akasonga mbele hadi Malindi. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alikuja na merikebu za vita, akaupora mji na kuuchoma moto. Walirudi tena kuupiga zaidi ya mara moja katika karne hiyo. Mgeni aliyetembea mitaani kwa saa nzima anasikia habari ya kuchomwa mji kwa sikio jingine kabisa. Ameshaona nyumba. Ameshaamkiana na watu.

Msikiti wa Mandhry uko karibu, na mnara wake mweupe uliochongoka. Hutajwa kuwa wa mwaka 1570, yaani ulikuwapo kabla ya jiwe la kwanza la ngome. Hatuingii ndani. Tunasimama nje, upande wa kivuli, na hapo nawasimulia habari za msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331. Aliandika kwamba watu wake ni wacha Mungu, kwamba misikiti yao ni ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na kwamba kwenye mlango wa msikiti kuna kisima ambapo mtu huteka maji akaosha miguu kabla ya kuingia. Mara nyingi, nikiwa bado naeleza, mzee anafika, anavua viatu na kuingia kutawadha. Basi sina haja ya kuongeza neno.

Kahawa chungu tunainywa njiani, kutoka kwenye dele, pamoja na kashata. Mwezi wa Ramadhani hatunywi, na nawaomba wageni wasile wala kunywa hadharani. Hufuata bila kinyongo wakielezwa mapema.

Ndipo tunafika Fort Jesus. Makundi yaliyoanzia hapa yameshaondoka, na ukumbi una nafasi. Hapa sihitaji saa nzima, kwa sababu mgeni amefika akiwa na maswali. Ilijengwa kati ya 1593 na 1596, juu ya mwamba wa matumbawe. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Kisa ambacho sikiachi kamwe ni cha mwaka 1697. Maradhi yaliwamaliza Wareno waliokuwa ndani hadi ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake, na Waafrika wachache, wengi wao wanawake. Hao ndio walioishika mpaka msaada ulipofika kwa bahari. Vitabu vya shule vilituambia ngome ilipiganiwa na Mreno na Mwarabu. Wanawake wale hawatajwi, na majina yao hayakuandikwa. Nikifika kisa hicho nawaomba wageni wasimame waitazame njia ya ukutani ambako walinzi walikesha.

Mwaka huohuo wa 1697 merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, ilizama chini ya ngome. Watafiti waliichimbua baharini kuanzia 1977, na baadhi ya vitu vyake vimo kwenye makumbusho ya ngome. Vipo pia vipande vya ukuta vyenye michoro ya mabaharia wa Kireno, meli na samaki na watu, iliyochorwa kwa mkaa na udongo mwekundu. Mtazame mtoto mbele ya michoro ile. Huielewa mara moja, kwa kuwa ndivyo naye anavyochora.

Kisha ukoo wa Mazrui, uliotawala kutoka ngome hii hadi 1837. Kisha Waingereza, walioifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa 1960, na 2011 UNESCO ikaiandikisha katika Urithi wa Dunia. Hayo nayasema kwa ufupi tukielekea lango, maana yako kwenye mabango.

Sasa nije kwenye jambo linalozuia wenzangu wengi kufuata njia hii: kamisheni. Duka la vinyago linamlipa dereva na mwongozaji kwa kila kichwa kinachoingia, na asilimia kwa kila kinachonunuliwa. Mshahara wa kampuni nyingi ni mdogo, kwa hiyo duka ndilo linalolipa ada ya shule. Siwalaumu wenzangu wanaolea familia. Nazilaumu kampuni zinazouza nusu siku kwa bei ya chini kabisa, zikijua fidia itatoka kwenye muda wa mgeni. Mgeni anatolewa mtaani dakika ya kumi ili akapate dakika arobaini dukani, naye hajui. Mimi naweka bei yangu wazi tangu mwanzo, iko juu kidogo, na hakuna duka ninalolazimika kumpeleka mtu. Anayetaka kinyago namwelekeza kwa fundi, anunue kwa aliyechonga.

Wengine hutaka niongeze bustani ya wanyama ya Bamburi, ufuo wa Mama Ngina na feri ya Likoni katika asubuhi hiyohiyo. Nakataa kwa adabu. Mama Ngina ni pa jioni, kwa mihogo ya kukaanga, ndimu na pilipili, na upepo wa bahari. Haifai kuisukumiza saa tano mchana.

Ukija, vaa viatu vya kufunika mguu maana mawe ya mtaani huteleza. Funika mabega na magoti, beba maji, na Ijumaa uje mapema ili mitaa iwe huru kwa wanaokwenda kusali. Wenye watoto, waleteni. Wakazi wa Kisauni, Likoni na Changamwe mnaolipa kiingilio cha mwenyeji na hamjaingia tangu safari ya shule, njooni pia. Na kabla hujapanda gari la mtu yeyote, muulize swali moja: tutatembea kwa miguu muda gani Mji wa Kale? Akikujibu chini ya saa moja na nusu, tafuta mwingine.