Simba wa Nembo na Simba wa Mwitu

Sisi tufundishao Kiswahili mjini Bujumbura hatupati taabu kulifafanua neno simba. Wanafunzi wetu humjua kwa Kirundi, intare. Humsikia katika Ntare, jina la wafalme wa kale, na huuona uso wake katika nembo ya taifa. Lakini mnyama mwenyewe ametoweka katika mapori ya Burundi.

Wako wasemao kuwa bustani za wanyama ni magereza. Hatuwapingi kabisa, lakini na tuitazame Moroko. Huko simba wa Atlasi walikwisha porini katika karne ya 20. Wanaodhaniwa kuwa uzao wao ni wale waliofugwa na wafalme, na vizazi vyao hulelewa Rabat na katika bustani za Ulaya, nasaba zao zikiandikwa daftarini ili ndugu wasizaane. Pasingekuwa na vizimba, mbegu hiyo ingepotea.

Hata hivyo, ghala si shamba. Jirani zetu wa Rwanda walipoteza simba wao baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Mwaka 2015 waliwaleta simba 7 kutoka hifadhi za Afrika Kusini, wakawaachia Akagera, nao wakazaana. Waliweza kwa kuwa pori lilikuwapo, na lilikuwa na uzio na walinzi.

Basi, walimu wenzetu, tumfundishapo mtoto neno simba, tumfundishe pia neno hifadhi, tukimtajia Ruvubu yetu. Kizimba huweza kutunza mbegu, na lugha huweza kutunza jina. Pori likishakwisha, vyote viwili havina pa kurudi.