Taa ya Land Rover ilivyonipeleka Gerezani

MSISHTUKE jamani, sijafungwa. Gerezani ninayosema ni ile ya Kariakoo, Dar es Salaam, kule mabasi ya mwendokasi yanakogeuzia. Wenzenu wakitaka kutalii wanapanda boti kwenda Zanzibar kula urojo. Mimi nimetalii Gerezani siku mbili nzima, juani, nikitafuta kidubwasha cha plastiki kinachokaa kwenye ncha ya kidole.

Chanzo ni mjomba. Mjomba wangu ana Land Rover Series III, ile ndefu, 109. Magari hayo yalitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo mchuma ule umenizidi umri na pale nyumbani unaheshimiwa kuliko mimi. Siku hiyo akanikabidhi funguo nikamchukue bibi Bagamoyo. Kwenda kulikuwa mchana, raha mustarehe, kiwiko dirishani kama kibosile. Kurudi ndiyo kasheshe. Giza lilipoingia nikawasha taa, ya kulia ikamulika barabara, ya kushoto ikamulika minazi. Kila shimo likitupiga, taa inatikisa kichwa kama mtu anayekataa posa.

Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, hili gari lenu linatafuta popo?"

Nikacheka. Sikumaliza kucheka. Karibu na Mapinga mbele yangu pakatokea baiskeli, haina taa, imebeba magunia mawili ya mkaa. Yule bwana alikuwa kushoto kwangu, palepale ambapo taa ilitakiwa imuoneshe. Nilikata usukani nikaenda upande wa pili wa barabara, na ashukuriwe Mungu kulikuwa hakuna gari linalokuja. Bibi hakusema neno hadi Tegeta.

Alikwenda kulisema kwa mjomba. Mjomba hakufoka, bora angefoka. Alisema, "Mjomba, hiyo taa ikae sawa kabla ya Jumapili. Isipokaa, funguo za gari hili usiniombe tena." Ilikuwa Alhamisi.

Basi Ijumaa asubuhi nikafungua taa kwa bisibisi. Taa za mchuma huu ni duara za inchi 7, saizi ile ile ya Mini za zamani. Taa inakaa ndani ya bakuli, na langu ni la plastiki. Skrubu mbili ndizo zinazoielekeza: moja juu na chini, nyingine kushoto na kulia. Kila skrubu inaingia kwenye kinati cha plastiki kilichobanwa kwenye tundu la bakuli. Plastiki ina sababu yake pale, maana chuma kwa chuma kingeshikana kutu na skrubu isingezunguka tena. Tatizo ni umri. Miaka ya jua na joto la taa inakausha plastiki mpaka inakuwa kama biskuti. Kinati kimoja kilikuwa kimepasuka vipande vitatu.

Nikapanda mwendokasi na vipande vyangu mfukoni.

Aliyezoea Gerezani anajua ukishuka tu unapokewa na mawinga. "Braza, unatafuta nini? Taa? Gari gani?" Nikisema Toyota wangenibeba mgongoni. Nikasema Land Rover 109. Kimya. Mmoja akaniambia niende Arusha. Si utani mtupu huo, kwa sababu Arusha ndiko walikofanya tamasha la Land Rover mwaka 2024, michuma ikapanga foleni mji mzima. Lakini nauli ya Arusha kwa ajili ya kinati? Thubutu!

Nikazunguka. Milango imening'inizwa kama nguo za mtumba, bampa zimepangwa mpaka juu, na taa za Mark II zimegeuka njano kama meno ya mvuta sigara. Hizo njano ni hadithi nyingine. Kioo chake ni plastiki, na vijana wanaisugua kwa msasa wa maji, kuanzia mkali hadi laini, kisha wanapiga polishi. Inang'aa ile mbaya. Usipopakwa dawa ya kuzuia jua baada ya hapo, miezi michache njano imerudi, na hilo hawakuambii.

Duka moja likaniuzia vinati vipya "vya gari lolote". Kimoja kikachanika palepale nilipokiminya. Duka la pili wakanitolea taa nzima, mpya, kwenye boksi, bei imeshuka kwa sababu yangu tu, eti. Nilikuwa nimeshatoa pochi pale mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi akaniambia, "Kijana, itazame usoni kwanza."

Nikamwamkia, nikaitazama. Akanionesha maandishi madogo kwenye kioo. Taa nyingi zenye alama ya E ndani ya duara zina siri moja. Ukiitazama usoni ukaona mshale unaoelekea kulia kwako, hiyo ni ya nchi zinazopita kushoto kama yetu. Mshale wenye ncha mbili, inafaa kote. Usipoona mshale, ni ya wanaopita kulia, na ukiifunga hapa mwanga unanyanyukia machoni mwa anayekuja. Ile ya kwangu haikuwa na mshale. Mwenye duka akaanza kuongea na simu.

Yule mzee kumbe ni fundi, anakereza vyuma na naironi uchochoro wa nyuma. Nikammwagia vipande vyangu. Akavitupa kwenye kikombe cha maji, vikazama. "Ingekuwa polipropilini ingeelea," akasema, "na ile gundi haiishiki." Akanipa na somo la supa gluu na magadi ya mandazi. Vikikutana vinakuwa jiwe, vinafaa kuziba ufa wa bakuli, lakini si kinati, kwa sababu kinati kinavutwa na skrubu kila siku na gundi itaachia kwenye shimo la kwanza.

Akachukua kipande cha fimbo ya naironi, akakifunga kwenye mashine, akakereza. Nusu saa, vinati viwili. Alinitoza elfu nane na soda. Mimi asubuhi nzima nilikuwa nataka kununua taa mpya!

Aligundua na jingine. Soketi ya nyuma ya glopu ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. Kuna mjanja aliwahi kuweka glopu ya wati 100 badala ya ile ya kawaida ya 60/55. Sifa zikaja, moto ukaja. Nikabadilisha kwa soketi ya kauri.

Jumamosi jioni tukaliegesha gari mita 10 kutoka ukutani, sehemu iliyo sawa. Nikapima urefu wa taa kutoka chini, nikachora mstari kwa chaki ukutani, na mwingine sentimita 10 chini yake. Mwanga mdogo unatakiwa ukatike kwenye huo wa chini. Zungusha skrubu, tazama, zungusha tena. Naironi ilishika kama kupe. Wanaosema shoo ya plastiki ya Series III si kitu, eti zile za waya za zamani watu walichomea nyama, mimi nawaachia nyama yao. Plastiki yangu imesimama.

Jumapili usiku mjomba mwenyewe alikaa kushoto kwangu, bibi nyuma. Tukapita Mapinga. Mbele, upande wa kushoto, nikaona magunia ya mkaa mapema kabisa, na miguu ya mwenye baiskeli ikikanyaga pole pole. Nikapunguza mwendo, nikampita kwa nafasi.

"Huyo siye yule wa juzi?" bibi akauliza.

Mjomba akawa amesinzia.