Kiu Kati ya Mito na Maziwa

Ukitoka Kigali kwa barabara ya Kicukiro unateremka mpaka mto Nyabarongo, na ukishavuka daraja nchi inabadilika machoni pako. Milima inabaki nyuma, ardhi inatandazika, na jua la saa sita linachoma kuliko huko ulikotoka. Hiyo ndiyo Bugesera. Imezungukwa na maji: Nyabarongo kaskazini na mashariki, Akanyaru magharibi, na maziwa kama Rweru, Cyohoha, Mirayi na Rumira yametawanyika katikati na kusini. Hata hivyo, sisi tuliokulia huko tulikulia kwenye kiu.

Familia yetu ilirejea Rwanda baada ya 1994 kutoka Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, Burundi, ikakaa Bugesera. Majirani tuliowakuta walibeba mengi mazito. Wazee wao walihamishiwa Nyamata, huko huko Bugesera, kwa nguvu baada ya machafuko ya 1959, wakaachwa kwenye pori la mbung'o walifyeke wenyewe. Na wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, wengi wa walionusurika walijificha ndani ya mafunjo ya kinamasi, miili yao ikiwa kwenye tope. Ndiyo maana nilijua mapema kwamba kinamasi kile hakikuwa mahali pa kuchezea watoto.

Baba alilima mtama, muhogo na maharage. Mwaka wetu ulikuwa na misimu miwili ya kupanda: wa kwanza kuanzia Septemba, wa pili kuanzia Februari au Machi. Kati ya Juni na Agosti hapakuwa na cha kutegemea isipokuwa muhogo uliokuwa bado ardhini. Baba alitayarisha shamba mapema, kisha akangoja. Mvua ikichelewa wiki mbili, maharage yalitoa maua kwenye joto na maua yakapukutika. Jioni tulikuwa tukiona mawingu yakinyesha ng'ambo, upande wa Kigali, nasi hatupati tone. Nilikuwa nikimuuliza, "Baba, yatakuja kwetu?" Alijibu, "Yakija, mwanangu, yatukute tumeshalima."

Maji ya nyumbani yalikuwa kazi ya watoto na akina mama. Tuliteka ziwani kwa jerikani za njano, na wenye baiskeli waliwauzia wenye uwezo. Maji tuliyoyaona kila siku hayakufika shambani hata mara moja, kwa sababu hakukuwa na pampu wala mfereji, na shamba lilikuwa juu zaidi ya ziwa.

Kisha ukaja ukame wa 1999 na 2000. Cyohoha ya Kaskazini ilikauka, tope lake likapasuka. Familia zilifunga virago kwenda mikoa mingine kutafuta chakula. Wengi walisema ni mvua iliyotususa, lakini wazee waliitazama ardhi wakaona zaidi. Miti ya Bugesera ilikuwa imekatwa kuchoma mkaa, na mkaa huo ndio uliopikia Kigali. Mafunjo yalikuwa yamefyekwa ili watu walime mpaka ukingoni mwa maji. Ziwa lilivuliwa nguo kwanza, ndipo jua likalimaliza.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Ulimaji wa kandokando ya maziwa ulizuiwa, miti ikapandwa kuzunguka Cyohoha, magugumaji yakaondolewa kwa mikono ya wanavijiji, na maji yakarudi. Mwaka 2006 ulianza mpango wa Girinka wa kuzipa familia maskini ng'ombe, na samadi ikaanza kurudisha nguvu kwenye udongo uliochoka. Mabati yakaongezeka, na chini ya michirizi watu wakaweka matangi ya kuvunia mvua. Mwaka 2021 ukazinduliwa mtambo wa Kanzenze, unaoweza kutoa mita za ujazo 40,000 za maji kwa siku kutoka kwenye visima vilivyochimbwa kando ya Nyabarongo: 30,000 kwa ajili ya Kigali na 10,000 kwa ajili ya Bugesera. Leo ninaishi Kicukiro, ndani ya Kigali, na ninajua kwamba jiji langu linakunywa kutoka ukingo uleule tulioutazama kwa kiu.

Kilichonigusa zaidi kiko mashambani. Huko Gashora, ambako chuo cha kilimo hifadhi, RICA, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2019, utakuta wakulima wanaovuta maji ya ziwa kwa pampu za sola. Katikati ya kiangazi wanavuna nyanya, pilipili na matikiti maji. Jua lililokuwa likipukutisha maua ya maharage ya baba ndilo linaloendesha pampu na kuivisha nyanya. Tulilaumu jua bure miaka mingi. Kilichotutesa ni umbali kati ya ziwa na shamba, na umbali huo ulihitaji fedha, ujuzi na watu waliokubali kushirikiana.

Ndiyo maana sasa nina hofu nyingine. Tangu 2017 uwanja mpya wa ndege unajengwa Bugesera. Barabara ya lami imeileta Nyamata karibu, na watu wa Kigali wanavuka daraja kununua viwanja. Siupingi uwanja huo, maana vijana wa kwetu wanahitaji kazi. Lakini shamba likishawekwa msingi wa nyumba halirudi kuwa shamba, na ukingo wa ziwa ukivamiwa tena tunajua mwisho wake, kwani tulishauona mwaka 2000. Kigali iliwahi kuimaliza miti ya Bugesera kwa mkaa. Isiimalize ardhi yake kwa matofali, hasa sasa ambapo ardhi hiyo imepata maji na inaweza kuilisha Kigali yenyewe. Mipaka ya mashamba yanayomwagiliwa na ya kingo za maziwa ichorwe, iheshimiwe, na asiwepo mwenye fedha wa kuisogeza.