Inachemsha Lini?

Fundi asiyejua kazi hukimbilia boneti. Anayejua huanza na dereva: gari linachemsha wapi, lini, likiwa na mzigo au tupu? Maswali hayo, kwa imani yangu, yameokoa injini nyingi kuliko spana. Likichemsha kwenye foleni halafu likapoa ukishaondoka, wa kushukiwa kwanza ni feni: fyuzi, rilei, swichi au mota yake, kwa sababu gari likikimbia upepo wa barabarani hufanya kazi hiyo. Likitulia mjini lakini likazidiwa mlimani, tazama rejeta iliyoziba au wota pampu iliyochoka. Maji yakipungua bila tone kuonekana chini, na oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa, jiandae kusikia habari za gasketi ya silinda hedi. Joto ni lile lile, ila chanzo cha gari hili si cha lile, na dawa ya hili huliua lile.

Mjomba wangu ana pikapu ya kubebea vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa, na katikati ya safari hiyo upo mlima Kitonga. Ilipoanza kuchemsha kwenye zile kona, fundi wa kwanza hakuuliza kitu. Alichomoa themostati, akasema maji sasa yatazunguka bila kizuizi, akachukua hela yake.

Tiba hii imezoeleka mno kwetu, nami siipendi hata kidogo. Themostati si kizuizi. Ni mlango unaobaki umefungwa injini ikiwa baridi, kisha ukafunguka kwenye nyuzi 80 na kitu ili maji yaende kupozwa. Injini inahitaji joto lake la kazi. Ikikaa baridi hula mafuta zaidi, unyevu haukauki ndani ya oili, vyuma vinalika mapema. Kuna injini ambazo ukiitoa themostati maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, kwa hiyo zinachemsha kuliko mwanzo. Kumbe mtu amelipa fedha ili aondolewe kitu kizima, na kibovu kikaachwa mahali pake.

Pikapu ikachemsha tena, safari hii nami nikiwemo, ikafika Ilula ikijikokota. Hapo pana mzee mmoja fundi, mtu wa maneno machache. Mjomba alitaka kumwaga ndoo ya maji juu ya injini. Mzee akamshika mkono. Chuma cha moto kikipigwa na maji ya baridi huweza kupasuka. Wala hakuruhusu mtu aguse kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho hubana mgandamizo, na mgandamizo ndio unaoyazuia maji yasichemke mapema. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huko maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi kama 95. Ndani ya rejeta iliyobanwa vizuri yanaweza kupita nyuzi 110 yakiwa bado maji. Ukifungua ghafla yanaruka yote usoni kwako. Tukakaa kivulini tukangoja.

Wakati tunangoja, mjomba alisema jambo lililomtatiza: karibu na Ilula mshale wa joto ulikuwa umeshuka, akadhani gari limepona. Mzee akatikisa kichwa. Kile kinachopima joto kinapaswa kuzama ndani ya maji. Maji yakiisha, kinabaki kwenye mvuke na hewa, na mshale unaweza kushuka huku hedi ikiendelea kuungua.

Injini ilipokuwa vuguvugu, mzee alipitisha kiganja taratibu juu ya rejeta, kutoka juu kwenda chini, kona hadi kona. Akaushika mkono wangu akaupitisha pale pale. Juu palikuwa pa moto. Chini, upande wa kushoto, palikuwa baridi kama bati la alfajiri. Maji hayakuwa yakifika huko. Alipoifungua, lilitoka tope la kahawia, kutu na magadi ya maji ya kisima yaliyojazwa humo kwa miaka. Wengi wetu tunaona kulanti ni ya nchi za barafu, lakini hiyo ndiyo inayolinda vyuma visishike kutu. Rejeta ikazibuliwa, mpira wa kifuniko ukabadilishwa. Themostati mpya mzee hakuifunga hivi hivi: aliining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria, akaweka jikoni, tukaitazama ikifunguka polepole maji yalipokaribia kuchemka. Ndipo akaifunga mahali pake.

Siku zile nyumbani tulikuwa na mdogo wangu aliyekuwa mkali asiyeshikika. Kikao cha wazee kilimwita, kikamkemea, akaombwa atake radhi. Akataka radhi, akanyamaza, nasi tukashukuru. Maneno ya mzee kuhusu ule mshale yalinitia hofu kubwa, maana ukimya wa mdogo wangu haukuwa na utulivu wowote ndani yake. Alikuwa hali vizuri, hasalimii watoto. Tulikuwa tumemziba mdomo kabla ya kumsikiliza.

Aliyeuliza hatimaye ni mama mdogo. Hakumuuliza kwa nini ana hasira. Alimuuliza zinampata siku gani. Jibu lilikuja bila kusitasita: kuanzia tarehe 25. Alikuwa na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, kwa watu watatu, mmoja akilipwa kwa hela ya mwingine, na marejesho yote yaliangukia mwisho wa mwezi. Mlima wake ulikuwa hapo. Siku nyingine alikuwa mtu yule yule tuliyemlea.

Hakuna aliyemwambia tena aache hasira. Mkopeshaji mmoja alikuwa na kila sababu ya kukasirikiwa, na mdogo wangu alipomwendea akiwa na mjomba, alisema kwa sauti ya juu yale aliyopaswa kusema, riba ikapunguzwa. Deni la pili mjomba amelichukua, analilipa kwa vitunguu. La tatu bado lipo.