Mwalimu, Hukuniuliza

Kila mwaka, katika kipindi cha kwanza cha somo la misingi ya unasihi na saikolojia, huwa nawauliza wanafunzi wangu swali moja. Mtu usiyemfahamu ameketi mbele yako. Hajamaliza hata sentensi ya tatu, anaanza kulia. Utafanya nini? Majibu hayatofautiani sana mwaka hadi mwaka. Wapo watakaompa kitambaa, wapo watakaomwambia anyamaze kwa kuwa Mungu yupo, na wapo watakaomsimulia makubwa zaidi yaliyowahi kuwafika wao. Mwaka huu kijana mmoja alijibu kwa ufupi: "Nitampa ushauri." Darasa zima likaafiki. Sikumcheka. Miaka kumi na miwili iliyopita nami nilijibu hivyo hivyo, tena kwa vitendo, na jibu langu nusura ligharimu uhai wa mtu.

Ndugu msomaji, naomba leo niweke kando siasa za majukwaani, nizungumzie chumba kidogo chenye viti viwili. Mwishoni utaona kwamba siasa hazikuwa mbali.

Wakati huo nilikuwa mhadhiri msaidizi, sijahitimu shahada ya uzamivu, na nilikuwa nimepewa jukumu la ulezi wa wanafunzi wa mwaka wa pili. Ijumaa moja alasiri alibisha hodi binti ambaye alama zake zilikuwa zimeporomoka ghafla. Aliniamkia, akaketi, akasema, "Mwalimu, siku hizi sielewi ninachosoma." Sikusubiri neno la pili. Kwa dakika arobaini nilimweleza namna ya kupanga ratiba, madhara ya simu, na jinsi mimi nilivyosoma kwa kibatari. Nilimkumbusha kwamba mvumilivu hula mbivu. Kila nilipotua aliitikia kwa kichwa. Mwishowe akasema, "Asante, mwalimu, nimekuelewa," akaondoka. Nilifungua jalada lake nikaandika neno moja: "Ameshauriwa." Nikajiona nimetenda kazi njema. Hakurudi darasani, na mtihani wa mwisho wa muhula hakuufanya.

Nilikutana naye miaka mitatu baadaye katika kituo cha mabasi cha Msamvu, Morogoro. Yeye ndiye aliyenitambua. "Shikamoo, mwalimu." Tuliketi kwenye benchi tukisubiri mabasi yetu, nikamuuliza kwa nini aliacha masomo. Alinieleza bila hasira. Wiki mbili kabla ya Ijumaa ile alikuwa amemzika baba yake, na fedha ya ada iliishia kwenye matibabu na matanga. Alipokuja ofisini kwangu alikuwa ameshaamua kwamba Jumatatu haitamkuta hai. "Nilidhani nikianza na habari ya masomo, utaniuliza kinachonisumbua," aliniambia. "Mwalimu, hukuniuliza." Aliyemwokoa ni msichana mwenzake wa bwenini. Usiku ule alimkuta amekaa gizani, akamuuliza, "Una nini?" kisha akanyamaza, akakaa naye mpaka alfajiri.

Kisa hiki nakisimulia kwa ridhaa yake, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili asitambulike. Hilo nalo ni somo la kwanza kwa mnasihi mwanafunzi: habari ya mteja ni mali ya mteja, hata inapokuwa na mafunzo makubwa kwa wengine.

Nimeirudia ofisi ile kichwani mwangu mara nyingi, nikijiuliza nilikosea wapi. Kosa la kwanza lilikuwa la lugha. Neno nasaha tulilipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni mawaidha mema. Tunaposema "ushauri nasaha" tunataja ushauri mara mbili, na haishangazi kwamba anayejifunza kazi hii huamini ameajiriwa kusema. Lakini unasihi wa kitaalamu ni mahusiano ambayo ndani yake mtu husaidiwa kuiona hali yake kwa uwazi, kupima njia zilizopo, na kufikia uamuzi ulio wake. Bwana shamba hukuambia upande mahindi lini na kwa nafasi gani, na ana haki ya kukuambia kwa sababu anaujua udongo. Mimi sikuujua udongo wa binti yule, na bado nilimpangia msimu.

Kosa la pili lilikuwa la nafsi. Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alichapisha makala aliyotaja ndani yake masharti sita anayoyaona kuwa ya lazima na yanayotosha ili mtu abadilike katika tiba ya mazungumzo. Matatu kati ya hayo ndiyo tunayowafundisha wanafunzi kama nguzo za kazi: mnasihi awe mkweli wa nafsi, asijifanye, amkubali mteja bila masharti, na aingie katika ulimwengu wa mteja auone kama mteja anavyouona, bila kusahau kwamba yeye si mteja. Wanafunzi huyakariri masharti haya kwa siku moja. Kuyatenda ni shughuli ya miaka. Mimi nilimkubali binti yule kwa sharti kwamba awe mwanafunzi mvivu anayehitaji kuamshwa. Aliponiletea kitu kingine, sikuwa na mahali pa kukipokelea.

Tena, kuna jambo ambalo Sigmund Freud na wafuasi wake walilitambua mapema: mteja huweza kuhamishia kwa mtabibu hisia alizokuwa nazo kwa watu wake wa karibu, na mtabibu naye hufanya vivyo hivyo kwa mteja. Binti aliyefiwa na baba alikuja kwa mwanamume mwenye mamlaka. Inawezekana alitafuta kwangu sauti aliyoizika. Nami kwa upande wangu, nilipokuwa nikisimulia habari ya kibatari, nilikuwa nikizungumza na nani? Nilikuwa nikimpongeza kijana fulani wa zamani, yaani mimi mwenyewe, aliyevumilia akafika. Dakika arobaini zile nilikuwa mteja wa nafsi yangu, na binti yule ndiye aliyenisikiliza. Ndiyo maana katika mafunzo ya kweli mnasihi hafanyi kazi bila msimamizi wa kitaaluma wa kumuuliza, "Hapa ulikuwa unamsaidia nani?"

Laiti ningenyamaza, huenda ningesikia pia kile ambacho Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alianza kukiandika katika miaka ya 1960. Beck aliona kwamba watu wenye sonona hupitiwa na mawazo ya haraka yanayojitokeza yenyewe, ambayo mwenye nayo huyapokea kama ukweli usiohitaji ushahidi. Binti yule aliniambia pale Msamvu kwamba siku zile sentensi moja ilikuwa ikizunguka kichwani mwake: bila baba, mimi nimekwisha. Sentensi ya namna hiyo haiondolewi kwa methali. Huondolewa pole pole, kwa kuitoa nje, kuitazama pamoja, na kuuliza: ni nini kinachoithibitisha, ni nini kinachoipinga, na mtu umpendaye angekuwa nayo, ungemwambia nini? Lakini huwezi kuitazama sentensi ambayo hukumpa mtu nafasi ya kuitamka.

Kwa hiyo katika mazoezi nawafundisha wanafunzi vitu vinavyoonekana vidogo. Maswali yaliyofunga, yanayojibiwa kwa ndiyo au hapana, yatumike kwa uchache. Maswali yaliyo wazi, kama "Ilikuwaje?" au "Hebu niambie zaidi," yapewe nafasi. Alichosema mteja kirudishwe kwake kwa maneno mengine ili ahakikishe ameeleweka. Kimya kisiogopwe, mara nyingi mteja yupo ndani yake anachagua neno. Na panapokuwa na dalili ya kukata tamaa, mnasihi aulize waziwazi: "Je, umefikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti hazikuunga mkono hofu hiyo. Kwa mtu aliyebeba siri ya namna hiyo, kuulizwa huweza kuwa mlango wa kwanza kufunguka.

Hapo ndipo mipaka ya usiri inapoingia. Mnasihi humwambia mteja tangu kikao cha kwanza kwamba atakayoyasema yatabaki chumbani, isipokuwa pale uhai wake au wa mtu mwingine unapokuwa hatarini, au mtoto anapodhulumiwa. Kuhusu mtoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mitaa. Mipaka hii ikitajwa mapema, mteja huchagua aseme nini akijua. Ikitajwa baada ya siri kutoka, huo ni usaliti. Aidha, mnasihi ajue mwisho wa ujuzi wake. Mwenye sonona kali, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, apewe rufaa kwa daktari, na mnasihi asione aibu kutoa rufaa hiyo.

Sasa nirudi kwenye siasa nilizoziweka kando. Ninapokwenda kuwakagua wanafunzi wetu walio katika mafunzo kwa vitendo mashuleni, mara nyingi nakuta mwalimu wa unasihi ndiye huyo huyo mwalimu wa nidhamu. Ofisi ni moja na kabati ni moja. Juu yake pana majalada ya siri za watoto, na pembeni yake imeegemezwa fimbo. Mtoto aliyechapwa Jumatatu anatarajiwa afungue moyo wake Jumanne mbele ya mkono ule ule. Mwalimu huyo simlaumu, maana ana vipindi thelathini na huenda hajawahi kupata hata semina ya siku mbili. Nawalaumu wanaoridhika kuandika kwenye taarifa kwamba huduma ya unasihi ipo, kama mimi nilivyoridhika kuandika "Ameshauriwa."

Sheria nayo inatuwekea kizingiti. Kanuni yetu ya Adhabu, iliyoanza kutumika mwaka 1945 chini ya utawala wa Mwingereza, katika kifungu cha 217 inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka katiba. Nawaza kuhusu binti yule: laiti angeulizwa ofisini kwangu akakiri kwamba amejaribu, angekuwa amemkiria mlezi wake kosa la jinai. Tunawahimiza watu waseme, na wakati huo huo tumewaandalia shitaka.

Wapo watakaosema nchi haina fedha za kuajiri wanasihi wenye shahada. Hoja hiyo haitoshi. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na bibi kumi na wanne. Walifunzwa kusikiliza na kumwongoza mtu hatua kwa hatua kulitatua tatizo lake, wakiwa wameketi naye kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Ugonjwa waliouzungumzia waliuita kwa neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba waliohudumiwa kwenye mabenchi hayo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Sisi Waswahili tunalijua jambo hilo. Tunasema "fulani ana mawazo," na kila mmoja huelewa. Bibi tunao na mabenchi yapo. Kinachokosekana ni mafunzo, usimamizi na uamuzi wa kuyagharimia.

Kijana aliyesema "Nitampa ushauri" nilimpangia zoezi katika wiki ya tano. Mwenzake alitakiwa kumweleza jambo halisi kwa dakika kumi, naye asitoe ushauri wowote. Mwenzake alianza na habari ya uchovu, kisha akafika kwa mama yake anayeumwa kijijini, kisha akanyamaza. Nilimwona kijana akifumbua kinywa, akakifumba. Ilipita kama nusu dakika, darasa zima likisubiri. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Ikawaje?" Mwenzake akaendelea kusema hadi muda ukaisha.

Mimi mwenyewe bado nina majalada. Siku hizi siandiki tena neno lile. Kwenye jalada la mwisho nililolifunga jana jioni nimeandika: "Amesema kidogo. Nimemuuliza, amejibu. Tunaonana Jumanne saa nne."